Joto la elektroni za moto: namba inayoulizwa maswali machache kuliko kipande cha dhahabu

Mchimbaji mdogo wa Biharamulo akipeleka dhahabu yake sokoni, siku hizi mambo hayaishii kwenye mizani. Kipande kinawekwa kwenye mashine ya XRF, sekunde chache zinapita, kioo kinaandika: dhahabu asilimia kadhaa, fedha kadhaa, shaba kidogo. Bei inafuata hapo. Lakini broka mzoefu haishii kwenye kioo. Anakigeuza kipande na kupima upande wa pili. Akiwa na wasiwasi anakizamisha kwenye maji apate densiti yake, na wasiwasi ukizidi anataka kikatwe.

Makala haya yanahusu watu wengine kabisa: wanafizikia wanaofyatua leza kali kwenye vipande vya metali na kupima elektroni zinazozaliwa humo. Nimeanza na broka kwa sababu fizikia ya mashine yake ndiyo fizikia yao, imegeuzwa tu nyuma mbele. Na pia kwa sababu nina lalamiko. Namba yao maarufu, "joto la elektroni za moto", inanukuliwa kwenye vitabu, kwenye maombi ya fedha za utafiti na hata kwenye mada zetu za semina bila kuulizwa nusu ya maswali anayoulizwa mchimbaji wa Mavota akiwa na gramu kumi mkononi.

Tuanze na mashine ya sokoni. Ndani yake kuna mrija mdogo ambamo elektroni zinasukumwa kwa volti kama 40,000 au 50,000, kisha zinagonga kipande cha metali, mara nyingi rodiamu au fedha. Zikigonga, yanatokea mambo mawili. La kwanza, elektroni inayopita karibu na kiini cha atomu inapindishwa na kupungua kasi ghafla, na nishati inayopotea inatoka kama eksirei. Eksirei hizi zina nishati za kila kiwango, kuanzia sifuri hadi kikomo cha volti ya mrija. Tuziite eksirei za breki. La pili, elektroni inaweza kutoboa shimo kwenye ganda la ndani kabisa la atomu, ganda la K, na elektroni ya ganda la juu ikashuka kuliziba. Hapo inatoka eksirei ya nishati moja maalum, kama saini ya elementi hiyo. Shaba inasaini kwa keV 8.05, nikeli kwa keV 7.48. Dhahabu ni nzito mno kwa mashine hii kufikia ganda lake la K, kwa hiyo tunasoma saini ya ganda la L, keV 9.7.

Eksirei za mrija zinapiga dhahabu ya mteja, atomu zake zinatobolewa, zinasaini, kifaa kinahesabu saini. Kumbuka basi: kwa broka, elektroni zinajulikana (volti kaiweka mtengenezaji wa mashine) na metali haijulikani. Kwenye maabara ya leza ni kinyume. Metali inajulikana vizuri sana, imekatwa kwa unene wa mikromita kadhaa na mtu aliyelipwa kwa kazi hiyo. Elektroni ndizo hazijulikani. Anayetaka kuzijua anasoma eksirei zilezile, za breki na za saini, na kurudi nyuma kubahatisha zilizalishwa na elektroni za namna gani.

Nimesema kubahatisha kwa makusudi. Hesabu ya kwenda mbele, kutoka elektroni hadi eksirei, ina jibu moja. Ya kurudi nyuma ina majibu mengi yanayokaribiana, na data haichagui yenyewe.

Leza zenyewe ni matunda ya mbinu ya Donna Strickland na Gérard Mourou ya mwaka 1985, iliyowapa sehemu ya Nobel ya fizikia mwaka 2018: unaurefusha mpigo wa mwanga, unaukuza, kisha unaufinya tena. Leo mpigo wa namna hiyo ukikusanywa kwenye doa la mikromita chache unafikia wati 10¹⁸ hadi 10²⁰ kwa sentimita mraba, na zaidi. Jua la saa sita mchana pale Nyakanazi linatoa kama wati 0.1 kwa sentimita mraba, ukitaka kulinganisha. Kwa ukali huo uso wa metali unageuka plazima kabla hata kilele cha mpigo hakijafika, na elektroni zinasukumwa hadi karibu na kasi ya mwanga, nyingi zikizama ndani ya metali. Hizo ndizo "za moto".

Sasa lile neno joto. Kwenye chumba chenye hewa, molekuli zinagongana mara nyingi hadi zinagawana nishati kwa mpangilio unaojulikana, na mpangilio huo ndio unaotupa haki ya kusema "nyuzi 25". Elektroni za leza hazina muda huo. Zinazaliwa, zinapita na kutawanyika ndani ya pikosekunde chache, na sekunde moja ina pikosekunde milioni milioni. Kinachofanyika ni hiki: mtafiti anachora idadi ya elektroni dhidi ya nishati yake kwa skeli ya logi, anapata kitu kinachokaribia mstari ulionyooka, anapima mteremko wake na kuuita joto. Ni jina la utani la mteremko. Halina ubaya kwa wanaojuana. Ubaya unakuja mwandishi wa habari anapochukua MeV 1, akazidisha kwa kelvini bilioni 11.6, akatangaza kwamba maabara imetengeneza kitu chenye joto mara mamia kuliko kiini cha Jua. Kuzidisha ni sahihi. Sentensi haina maana.

Isitoshe, mstari wenyewe mara nyingi haunyooki. Unapinda, na watu wanaweka mistari miwili: "joto la chini" na "joto la juu". Ukifika hapo, kuendelea kuita joto ni ukaidi tu.

Tuache neno, twende kwenye namba. Kuna kanuni mbili zinazotumiwa sana kutabiri mteremko huo kutokana na ukali wa leza. Ya kwanza ilitokana na kazi ya Scott Wilks na wenzake ya mwaka 1992, iliyofanywa kwa kuigiza plazima ndani ya kompyuta. Ya pili ni ya Farhat Beg na wenzake, 1997, iliyotokana na vipimo vya eksirei kwenye majaribio yaliyofika hadi wati 10¹⁹ kwa sentimita mraba. Zijaribu mwenyewe kwa leza ya mwanga wa mikromita 1. Kwa ukali wa 10¹⁹ kanuni ya Wilks inatoa karibu MeV 0.96, ya Beg MeV 0.46. Mara mbili. Panda hadi 10²⁰: Wilks MeV 3.9, Beg MeV 1.0. Karibu mara nne.

Fikiria broka mmoja akuambie kipande chako ni asilimia 90 na jirani yake aseme 22. Usingelala.

Kwa haki lazima niseme kwamba wataalamu wanaijua tofauti hii, na mwaka 2009 Malcolm Haines na wenzake walitoa maelezo ya kinadharia yanayoikaribia kanuni ya Beg. Lakini angalia namna kanuni zinavyotumika na watu wa nje ya kundi dogo. Anayetaka elektroni kali kwa kazi yake ananukuu Wilks. Anayetaka za wastani ananukuu Beg. Kanuni iliyopimwa hadi 10¹⁹ inavutwa hadi 10²¹ bila neno la onyo. Halafu kipimo kipya kikifanyika, kinachorwa juu ya mistari hiyo miwili, kinaangukia mahali fulani katikati, na makala inasema "vinakubaliana kwa ujumla na kanuni zilizopo". Pengo la mara nne lina nafasi ya kukubaliana na karibu kila kitu!

Kwa nini vipimo vyenyewe visitoe uamuzi? Hapa ndipo penye utamu wa kazi hii, na hapa ndipo nataka tukae.

Njia inayoonekana nyoofu kuliko zote ni kuweka sumaku nyuma ya metali. Elektroni zinazotoka zinapinda, zile za nishati kubwa zinapinda kidogo, za nishati ndogo zinapinda sana, unasoma zilipotua. Safi kabisa. Tatizo ni kwamba za kwanza kutoka zinaiacha metali ikiwa na chaji chanya, na chaji hiyo inazivuta na kuzirudisha zinazofuata. Zinazofika kwenye sumaku ni sehemu ndogo iliyokuwa na nguvu ya kukimbia. Ni kama mtu asimame kwenye daraja la Rusumo na kuhesabu wanaovuka kwenda Rwanda, kisha atangaze hiyo ndiyo hali ya wakazi wa Ngara. Wanaovuka wapo kweli, umri na mizigo yao umeirekodi vizuri, ila waliobaki Murgwanza na Rulenge hujawaona.

Njia ya pili ni kuzika safu nyembamba ya shaba ndani ya metali nyingine na kuhesabu saini za shaba, zile keV 8.05. Sasa unaona yanayotokea ndani, si nje. Lakini elektroni zilizorudishwa na chaji zinapita tena kwenye shaba ileile, zinafika upande wa pili, zinarudi, zinapita tena. Mlinzi wa geti anayehesabu kila anayepita, asiangalie sura, atamhesabu mtu mmoja mara kumi. Watafiti wakalitatua hilo kwa kuweka nyuma ya metali kipande kinene cha kuzimeza elektroni. Sawa. Likazuka la pili: shaba yenyewe inapokea nishati, inapata moto (safari hii moto wa kweli), atomu zake zinapoteza elektroni za nje, na saini inasogea kidogo. Fuwele inayotumika kupiga picha ya saini inapokea upana mdogo sana wa nishati. Saini iliyosogea inaanguka nje ya dirisha. Kwa hiyo mahali ambapo elektroni nyingi zaidi zimepita ndipo picha inapoonyesha chache!

Watu wa nikeli wanalijua jambo la jamii hii. Mwamba wa Kabanga, wilayani Ngara, una nikeli ya kiwango cha asilimia mbili hivi, pamoja na shaba na kobalti, ndani ya madini ya salfidi yaliyojaa chuma. Ukiupiga kwa XRF ya mkononi, nikeli utaiona bila shida. Kobalti inasaini kwa keV 6.93. Chuma kina saini ya pili kwa keV 7.06, na chuma ni kingi mno. Kifaa cha mkononi hakiwezi kutenganisha vizuri vilima viwili vilivyobanana hivyo. Kobalti inamezwa, na namba utakayoona kioo kikiandika ni matokeo ya programu kukisia kilima kidogo kimejificha wapi chini ya kikubwa. Ndiyo maana hakuna anayekadiria hazina ya mgodi kwa kulenga mwamba kwa mkono. Sampuli zinasagwa, zinachanganywa, zinapelekwa maabara na kupimwa kwa njia nyingine. Hazina ya Kabanga imetafutwa tangu miaka ya 1970, ikapita mikononi mwa kampuni kadhaa hadi Tembo Nickel, ambayo serikali ina asilimia 16. Katika safari yote hiyo hakuna mwekezaji ambaye angetoa fedha kwa namba ya kulenga.

Njia ya tatu, inayopendwa zaidi kwa leza kali, ni eksirei za breki. Unapanga vichujio vya metali mmoja nyuma ya mwingine, kuanzia alumini hadi risasi, na kati yao unaweka bamba linalotunza picha ya eksirei. Zile laini zinafia kwenye vichujio vya mwanzo, ngumu zinafika mwisho. Una namba kumi na tano hivi, moja kwa kila bamba, na kutoka kwenye hizo unatakiwa kupata umbo zima la nishati za elektroni. Haiwezekani bila kuchagua umbo kwanza. Basi mtafiti anachagua mteremko mmoja, anajaribu miteremko mbalimbali hadi namba kumi na tano zikae, anatangaza mshindi. Angechagua miteremko miwili, ingekaa pia, pengine vizuri zaidi. Lalamiko langu kubwa liko hapa. Chaguo hilo la mwanzo lina uzito kuliko kifaa chote, na kwenye makala nyingi linapewa sentensi moja.

Kuna pia waliopima kwa njia ya kinyuklia: eksirei kali zaidi ya keV 10,800 hivi zinaweza kung'oa nyutroni moja kwenye shaba-63, ikabaki shaba-62 inayooza na kupungua nusu kila baada ya dakika 9.7. Unaichukua shaba baada ya mpigo, unahesabu mnunurisho wake bila haraka. Njia nzuri, ila inaona mkia wa mwisho tu, zile elektroni chache kali kupita zote.

Je, haya ni ugomvi wa wataalamu tu? Angalia kilichowekwa rehani. Mwaka 1994 Max Tabak na wenzake walipendekeza njia ya kuwasha muunganiko wa nyuklia kwa hatua mbili: kwanza ufinye fueli, kisha uipige haraka kwa elektroni za moto, kama kiberiti. Elektroni zinazofaa ni za MeV 1 hadi 3 hivi. Zikiwa kali zaidi zinaipita fueli bila kusimama, joto halibaki. Soma tena zile kanuni mbili kwa ukali wa 10²⁰: moja inasema mradi unawezekana kwa raha, nyingine inasema elektroni nyingi zitapitiliza. Huko Osaka, Ryosuke Kodama na wenzake walitumia koni ya dhahabu kuingiza mpigo hadi karibu na fueli, na mwaka 2002 waliripoti nyutroni zikiongezeka mara elfu. Nishati ya leza iliyoingia kwenye fueli ilikadiriwa kuwa kiasi cha asilimia 20. Mwaka 2011 kundi lililotumia leza ya OMEGA, Rochester, likiwa nalo na koni ya dhahabu, likapata karibu asilimia 3.5. Leza hazikuwa sawa wala mipigo yake haikuwa sawa, kwa hiyo simwiti yeyote mwongo. Ila kati ya 20 na 3.5 kuna tofauti ya kujenga kituo cha kuzalisha umeme au kutokijenga, na makadirio yote yamepitia humo humo kwenye elektroni ambazo hakuna aliyeziona moja kwa moja.

(Mpigo wa Desemba 5, 2022 huko Livermore, ule wa megajuli 2.05 kuingia na 3.15 kutoka, ulitumia njia tofauti. Huko pia wanazungumzia elektroni za moto, lakini ni za makumi ya keV na ni adui, zinaipasha fueli moto kabla ya wakati. Jina moja, wanyama wawili. Ukisoma mahali pameandikwa "elektroni za moto", tafuta kwanza ni zipi.)

Turudi sokoni, maana broka ana jambo la kutufundisha na yeye pia ana la kuulizwa. Saini ya dhahabu ya keV 9.7 haiwezi kutoka kina kirefu. Dhahabu yenyewe inaimeza. Mashine inasoma mikromita chache za juu, chini ya sehemu ya kumi ya unene wa unywele. Dhahabu iliyochemshwa kwenye asidi ya nitriki imeshapoteza fedha ya juu, kwa hiyo ngozi yake ni safi kuliko nyama, na mnunuzi anapunjwa. Iliyobaki na utando wa zebaki inasomeka chafu kuliko ilivyo, na mchimbaji anapunjwa. Kwenye gramu 100, kosa la asilimia 2 ni gramu 2 za dhahabu, na mrabaha wa serikali unahesabiwa humohumo. Maji yanasaidia kwa sababu yanapima kipande kizima: dhahabu safi ni gramu 19.3 kwa sentimita ya ujazo. Maji nayo yanadanganywa na tangisteni yenye 19.25. Lakini kipande cha tangisteni kilichopakwa dhahabu nene kitaushinda mtihani wa mashine na wa maji pia, ndiyo sababu kuna kukata na kuna kuyeyusha. Kila mtihani unadanganyika kwa njia yake, na anayekudanganya kwa wa kwanza anapata kazi ngumu zaidi kwa wa pili.

Vikundi bora vya leza vimeanza kufanya hivyo: sumaku, safu ya shaba na vichujio kwenye mpigo mmoja, na jibu linalokubalika ni lile linaloeleza vyote vitatu kwa pamoja. Majibu yao huwa machafu, yenye makosa mapana na miteremko miwili au mitatu, na hayanukuliki kirahisi. Nayaamini zaidi kwa sababu hiyo hiyo.

Kwa wenzangu mnaoandaa semina, mkikuta "joto la elektroni lilikuwa MeV 1.2" na hakuna zaidi, tafuteni kwenye makala yenyewe kipimo kilifanyikia upande gani wa metali, umbo gani la nishati lilidhaniwa kabla ya hesabu kuanza, na kama elektroni zilizorudi zilizuiwa au ziliachwa zizunguke. Na kitu kimoja kidogo ambacho hakiandikwi mara nyingi: yale mabamba yanayotunza picha ya eksirei yanafifia yenyewe, na kwa kasi zaidi katika saa ya kwanza. Kati ya kufyatua leza na kusoma bamba zilipita dakika 10 au 40? Iandikwe.